Ndoa Inayosubiri Ukumbi



Likizo iliyopita nilipangiwa kazi za kichungaji katika parokia moja pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Jumuiya niliyokabidhiwa husali kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba hadi nyumba kwa zamu, ili wenye biashara wawahi sokoni. Jumamosi ya pili tulisali kwa mama mmoja ambaye hukaanga maandazi na vitumbua. Ndiye aliyeanzisha nyimbo zote bila kitabu. Ndiye aliyesoma somo, na wakati wa kushirikishana Neno alisema jambo kuhusu Hagari kule jangwani ambalo mimi, pamoja na madaftari yangu ya falsafa, sikuwa nimeliwaza. Kesho yake, Dominika, nilimwona kanisani amebaki kwenye benchi wakati safu yake nzima imesimama kwenda kupokea Komunyo. Alijibana pembeni kuwapisha wenzake kama mtu aliyezoea kufanya hivyo.

Sikuwa na busara ya kunyamaza. Juma lililofuata, tukirudisha viti vya Jumuiya, nilimwuliza. Alicheka kidogo.

"Frateri, sisi bado hatujafunga ndoa."

Nikadhani kuna kizuizi. Labda baba watoto ana ndoa nyingine mahali, labda ni wa dini nyingine. Hapana. Wote wawili ni Wakatoliki, wote wako huru, mahari imeshapokelewa, wazee wa pande zote wanatembeleana. Wameishi pamoja miaka 9 na wana watoto 3, wote wamebatizwa, na yule wa kwanza yuko katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Sasa tatizo ni nini? "Tunajipanga," alisema. "Harusi siyo mchezo."

Neno hilo "tunajipanga" nililisikia tena mara nyingi kabla likizo haijaisha, kwa watu tofauti, katika nyumba tofauti. Nimeandika makala hii kwa sababu yake. Nadhani ndani ya neno hilo dogo ndimo ulimofichika usekulari wa kwetu, wakati sisi tunautafuta kwingine.

Usekulari usiomkana Mungu

Tunaposikia kwamba Kanisa linakabiliwa na utamaduni wa malimwengu, fikra zetu huruka moja kwa moja hadi Ulaya: makanisa yaliyofungwa, vijana wasiobatizwa, watu wanaojitangaza hadharani kuwa hawana Mungu. Kisha tunajipongeza. Misa zetu zinajaa hadi watu wanakaa nje chini ya mahema. Nyuma ya daladala zetu kumeandikwa sifa za Mungu. Mikutano ya ofisini hufunguliwa kwa sala. Ukanimungu, yaani kukana kwamba Mungu yupo, ni kitu tunachokutana nacho darasani katika historia ya falsafa, si mtaani.

Tuanze na neno lenyewe. Linatokana na neno la Kilatini *saeculum*, lenye maana ya zama, au ulimwengu huu unaopita na wakati. Neno hilo peke yake si tusi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 36, unafundisha kwamba mambo ya dunia yana uhuru wake halali. Fundi anayejenga kanisa anapaswa kujua uwiano wa saruji na mchanga, na sala haitachukua nafasi ya ujuzi huo. Tatizo linaanza pale mambo ya dunia yanapodai kwamba hayamhusu Muumba.

Mwanafalsafa Mkatoliki wa Kanada, Charles Taylor, aliandika kitabu kinene kuhusu suala hili, A Secular Age, kilichotoka mwaka 2007. Anatofautisha maana tatu za usekulari. Ya kwanza ni pale Mungu anapoondolewa katika shughuli za umma. Ya pili ni pale watu wanapoacha kusali na kwenda kanisani. Ya tatu, anayoishughulikia zaidi, ni mabadiliko ya mazingira ya kuamini. Katika Ulaya ya mwaka 1500 ilikuwa vigumu mno kwa mtu kuishi bila kumwamini Mungu, lakini leo kuamini kumekuwa njia mojawapo kati ya nyingi, na hata mwamini imara anajua kwamba jirani yake amechagua njia nyingine.

Taylor mwenyewe anakiri kwamba anazungumzia zaidi nchi za Magharibi, na tukiipima Tanzania kwa maana zake mbili za kwanza tutafaulu bila shida. Lakini mimi naona kwetu kuna namna nyingine. Mungu haondolewi. Anapangiwa muda. Chukua ratiba ya harusi yoyote ya mjini: saa nane mchana, kanisani, saa kumi, picha, saa moja jioni, maharusi kuingia ukumbini. Kisha chukua bajeti ya kamati: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, mshereheshaji, muziki, keki, magari, video, na chini kabisa, sadaka ya kanisa na kwaya. Hakuna aliyemkana Mungu hapo. Kikao cha kamati kilifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala. Ila katikati ya sala hizo mbili kila jambo liliamuliwa kana kwamba sakramenti ni kipengele kimoja cha sherehe, tena kile cha bei nafuu.

Mababa wa Mtaguso, katika namba 43 ya hati hiyohiyo, waliuhesabu utengano huu kati ya imani inayokiriwa na maisha ya kila siku kuwa mmoja wa upotofu mkubwa wa nyakati zetu. Hati hiyo ilitolewa tarehe 7 Desemba 1965. Miaka 10 baadaye, katika Evangelii Nuntiandi namba 20, Mtakatifu Paulo VI alirudia suala hilo kwa upande wa utamaduni: Injili na utamaduni vikitengana, hilo ni janga la zama zetu. Mimi nilizisoma namba hizo seminarini na kuzifaulu katika mtihani. Nilizielewa siku ile nilipokuwa nimebeba viti.

Kutoka debe la maharage hadi kadi

Kuchangia harusi si jambo la kigeni. Wazee wetu walichangiana. Jirani alileta debe la maharage, mwingine kuni, mwingine ndizi, kina mama walichota maji tangu usiku, vijana walichinja. Asiyekuwa na kitu alileta mikono yake, akaosha sufuria, akala na wenzake. Mchango ulimwingiza mtu ndani ya sherehe kwa sababu yeye ni jirani.

Kadi ya leo inafanya kazi kinyume. Kuna kiwango cha mtu mmoja na kiwango cha watu wawili, na asiyefikia kiwango hapati kadi ya kuingilia. Mlangoni anasimama kijana mwenye orodha. Hivyo yule mama wa Jumuiya aliyekesha na wewe siku mtoto wako alipolazwa anaweza kukosa kuiona harusi yako, na mfanyakazi mwenzako usiyejua hata anaishi wapi akakaa meza ya mbele. Tunaendelea kuuita mchango, lakini kwa kweli umekuwa tiketi. Yesu alipoalikwa kula kwa Farisayo mmoja alimwambia mwenyeji wake asiwaite marafiki na matajiri watakaoweza kumlipa, bali awaite maskini, vilema, viwete na vipofu (Lk 14:12-14). Sijawahi kusikia andiko hilo likisomwa katika kikao cha kamati ya harusi.

Na kwa kuwa tiketi ina bei, wasioweza bei wanasubiri. Yule mama na mwenzake walianza kwa kukadiria milioni 6. Miaka michache baadaye ndugu wakasema hiyo ni aibu, ikawa milioni 12. Katikati kukawa na sherehe ya kumfunda bibi arusi, na sherehe ya kumuaga kwao, kila moja na ukumbi wake na sare zake. Kadiri wanavyosubiri ndivyo harusi inavyopanda bei, maana mtu hawezi kukaa miaka 9 kisha afanye kitu kidogo! Wakati huohuo miaka 9 ya Dominika imepita bila Ekaristi.

Baba watoto, fundi magari, mtu mpole, alinipa hoja nyingine. Alisema serikali inawatambua kwa sababu wameishi pamoja zaidi ya miaka 2. Wengi wanaamini hivyo, kwa hiyo ni vizuri kulisema sawasawa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na jamii ikawaona kama mume na mke, itadhaniwa kwamba wamefunga ndoa. Ni dhana, tena dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi mahakamani. Sheria hiyo inaweza kumsaidia mwanamke aliyeachwa bila kitu. Haiwafungishi ndoa ya Kikristo watu wawili wakiwa wamelala.

Ni nini kinachoifanya ndoa iwe ndoa?

Katika metafizikia tunafundishwa kutofautisha kiini cha kitu na sifa zinazoambatana nacho. Sokrate anaweza kuwa ameketi au amesimama, ana ndevu au amenyoa, lakini anabaki Sokrate. Mwalimu wetu hupenda kusema kwamba makosa mengi ya maisha ni makosa ya metafizikia. Zamani nilidhani anatania.

Kiini cha ndoa ni nini? Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa inajibu kwa ufupi: ndoa inaletwa na ridhaa ya wawili wenye haki ya kuoana, iliyotamkwa kihalali, na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Katika mapokeo ya Kanisa la Kilatini bibi na bwana arusi wenyewe ndio wahudumu wa sakramenti hii. Kanuni ya 1108 inaongeza namna ya kuifunga: mbele ya askofu au paroko, au padre au shemasi aliyepewa ruhusa na mmoja wao, na mbele ya mashahidi 2.

Wawili! Kanisa lina sababu ya kudai hao wawili. Kabla ya Mtaguso wa Trento ndoa zilizofungwa kwa siri zilihesabiwa kuwa halisi, ingawa Kanisa lilizikataza. Mwanamume aliweza kumpa msichana ahadi faraghani, kisha akamkana na kuoa mwingine hadharani, na hapakuwa na wa kushuhudia. Mwaka 1563, kwa tamko linaloitwa Tametsi, Mtaguso huo ukaagiza kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi. Maana yake ni kwamba Kanisa linataka ndoa iwe ya hadharani ili yule mnyonge asidhulumiwe. Nguo, keki na watu 300 hazimo katika sharti hilo. Na tazama jinsi tulivyopindua mambo: sharti lililowekwa kumlinda mwanamke asiachwe hewani, sisi tumeliongezea gharama hadi mwanamke huyohuyo anabaki hewani miaka 9.

Lakini ndoa si ya wawili tu

Nilipomweleza hayo mwenyekiti wa Jumuiya, mzee aliyestaafu reli, hakufurahi kama nilivyotarajia. "Unataka waende asubuhi kimya kimya kama wezi? Frateri, harusi ni watu."

Nilitaka kumjibu kwa Kanuni ya 1108 lakini nikajizuia, na nashukuru. Mzee alikuwa na hoja. Kwetu ndoa ni jambo la koo mbili. Inatangazwa, inashangiliwa, inaliwa. Nikisema kwamba wawili wakipendana inatosha, wengine wote wakae nyumbani, sijaupinga utamaduni wa malimwengu hata kidogo. Nimeukaribisha kwa mlango wa nyuma, kwa sababu kumwona mtu kama kisiwa ndiyo moja ya alama zake kubwa. Yesu mwenyewe alikwenda harusini Kana pamoja na mama yake na wanafunzi, na divai ilipokwisha hakuwaambia wageni kwamba kiini cha ndoa ni ridhaa. Alitoa divai, tena nyingi kwa ajabu, mabalasi 6 ya mawe (Yn 2:1-11). Mkristo anayeichukia sherehe atapata taabu na Injili hii.

Kuna barua ya kale iliyoandikwa kwa mtu aitwaye Diogneto, na mwandishi wake hajulikani. Inaeleza kwamba Wakristo hawatofautiani na wenzao kwa nchi, kwa lugha wala kwa mavazi. Wanakula chakula cha mahali wanapoishi na wanaoa kama wengine. Tofauti yao inaonekana katika namna wanavyoyaishi mambo hayohayo ya kila mtu. Barua hiyo haiwatumi Wakristo kuhama mji. Kwa hiyo swali letu si kama tufanye sherehe au tusifanye. Swali ni nani aliyeshika zamamu, sakramenti au ukumbi.

Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili waziwazi mwaka 2016 katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia, namba 212. Anasema maandalizi ya karibu ya ndoa humezwa na mialiko, mavazi na karamu hadi wachumba wanafika kanisani wamechoka, na kwamba wapo wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa kamwe kwa sababu ya gharama hizo. Anawaomba wachumba wawe na ujasiri wa kuwa tofauti, wasikubali kumezwa na jamii ya matumizi na ya kujionyesha. Alikuwa anaandika kwa ajili ya ulimwengu mzima, lakini ukiisoma namba hiyo katika Jumuiya ya Dar es Salaam utadhani alikaa kwenye kikao cha kamati.

Na sisi wenye kanzu?

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Tunawezaje kumwambia fundi magari aache kadi wakati upadrisho wetu wenyewe una kamati, kadi, sare, mshereheshaji na orodha ya zawadi? Mwaka juzi nilihudhuria Misa ya shukrani ya padre mpya. Bibi mmoja aliyemfundisha sala alipokuwa mtoto alikaa nje ya turubai kwa sababu meza za ndani zilikuwa za wenye kadi. Padre mwenyewe hakujua. Kamati ndiyo iliyopanga. Daima ni kamati iliyopanga.

Sisemi mapadre wapya wasipongezwe. Nasema kwamba waamini wanajifunza katekesi kwa macho kuliko kwa masikio, na sherehe zetu zinawafundisha kwamba sakramenti isiyo na ukumbi haijakamilika.

Msibani hakuna kadi

Mzee mwenyekiti, baada ya kunikatalia, ndiye aliyepata njia. Jumamosi moja baada ya sala aliwauliza wanajumuiya: "Akifa mtu hapa leo, tunafanya nini?" Wakataja bila kufikiri. Daftari la rambirambi linapita, kila mtu anaandika alichonacho. Kina mama wanagawana: huyu mchele, huyu mafuta, huyu sufuria kubwa. Vijana wanafunga turubai. Hakuna anayezuiwa mlangoni. "Basi kama tunaweza kumzika mtu bila kadi," akasema, "tunashindwaje kumwoza?"

Palikuwa kimya. Wengine walicheka kwa aibu. Mimi niliona kwamba mzee ametaja kitu ambacho nilikuwa nakitafuta vitabuni. Maaskofu wa AMECEA walipoamua miaka ya 1970 kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji katika nchi zetu, walitaka Kanisa liwe mahali ambapo watu wanajuana na kubebeana mizigo. Katika misiba Jumuiya zetu zimebaki hivyo. Utamaduni wa kadi haujafika huko, au haujafika sana, maana sare za msiba nazo zimeanza. Utaratibu wa kuchangiana bila tiketi haujafa. Upo, unajulikana, na sufuria zake zipo.

Walikubaliana hivi. Ndoa ifungwe katika Misa ya Jumamosi asubuhi, ile ambayo Jumuiya zote huhudhuria mara moja kwa mwezi. Baada ya Misa, chakula cha mchana nyumbani kwa maharusi, kila familia ilete kilichopo. Yule mama akasema maandazi ni ya kwake, asimzuie mtu. Paroko alipoelezwa alifurahi, akasema zikipatikana jozi nyingine zenye hali kama hiyo atawafungisha siku hiyohiyo. Katekista akapewa kazi ya kukusanya vyeti vya ubatizo vilivyotolewa karibuni na kuanza mafundisho ya ndoa. Paroko akataka pia kukutana na kila mmoja peke yake, kuhakikisha hakuna anayefunga ndoa kwa kusukumwa na Jumuiya, na hilo ni la haki, kwa kuwa ridhaa ya kulazimishwa si ridhaa.

Kilichobaki kigumu ni kaka mkubwa wa baba watoto, aliyeko Mbeya. Ndiye aliyeahidi tangu zamani kusimamia harusi kubwa, na anaona mdogo wake akifunga ndoa "ya maandazi" watu watasema ukoo umefilisika. Fundi magari aliniambia kwamba hilo linamnyima usingizi kuliko fedha zenyewe. Namwelewa. Kusimama mbele ya umati wa kigeni na kukiri imani pengine ni rahisi kuliko kumwambia kaka yako wa tumbo moja kwamba hutasubiri tena.

Niliporudi seminarini majina yao yalikuwa yametangazwa kanisani Dominika ya kwanza. Mtoto wa kwanza, aliyeketi karibu yangu, alimtazama mama yake wakati jina linasomwa, kisha akahesabu kwa vidole Dominika zilizobaki. Kaka wa Mbeya alikuwa bado hajapiga simu.